Pikipiki Iliyoitwa Irudi Dukani

Miye ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, arobaini, kumtoa mwali, ukinihitaji nakuja na masufuria yangu, na mwiko wangu, na mdomo wangu, na hivyo vitu vitatu havikodishwi kimoja kimoja. Kwa miaka mingi nilikuwa nakwenda kwenye shughuli kwa kuombaomba usafiri. Leo juu ya kirikuu iliyobeba mkaa, kesho nyuma ya bodaboda anayeendesha utadhani anafukuzwa na nyuki. Ndipo nikanunua pikipiki yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeshavuka hamsini. Mume wangu, ambaye ni mtu wa mikorosho na maneno machache, aliizunguka mara mbili, akabonyeza kiti kwa kidole, akasema basi na iwe heri. Mpaka leo hajawahi kuiendesha.

Nilijifunza kwenye uwanja wa mpira, asubuhi, kabla watu hawajatoka. Nilianguka mara tatu na mara zote tatu niliulaumu mchanga. Mwezi wa pili nilikuwa nakatiza katikati ya Kibiti nimevaa baibui, masufuria mawili makubwa yamefungwa ubavuni kwa mpira wa tyubu, na binti yangu nyuma ameshika mapawa na miiko. Vijana wa stendi wakanipigia honi, na miye nikawapigia. Raha niliyokuwa nayo siku zile sina pa kuiweka. Nilikuwa nikimaliza kuswali alfajiri natoka nje kuitazama tu, halafu narudi ndani kuteleka chai.

Huyo binti yangu ndiye mkono wangu wa kulia. Ndoa ilimshinda, akarudi nyumbani na mtoto wa miaka miwili, na tangu siku hiyo tunapika pamoja. Mtoto tunamwachia babu yake, mume wangu. Binti ndiye anayekuna nazi, anayekata vitunguu, na ndiye anayekaa nyuma ya pikipiki kila ninapokwenda. Nayasema haya mapema ili ujue nilikuwa nacheza na nini. Kazi yangu ni moto, na pikipiki yangu ilikuja kuvuja petroli, na aliyekuwa karibu na vyote viwili kila siku ya Mungu ni yeye.

Sasa mtani. Ni mtoto wa shangazi yangu, na kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani wa kuzaliwa, hakuna anayewauliza kama wanataka. Nimemzidi miaka sita, lakini tangu aote meno hajawahi kuniamkia. Mtani haamkiwi. Akiniona ananiita kikongwe, na miye namwita mwizi wa kuku, na anayetusikia kwa mara ya kwanza anadhani kesho tutapelekana polisi. Ni fundi pikipiki katika duka lile lile lililoniuzia yangu, pale Kibiti, kando ya barabara kuu. Ni fundi mzuri. Hilo naliandika kwa kuwa hayupo hapa.

Shida yake ni kwamba haongopi kama watu wengine wanavyoongopa. Yeye uongo anaujenga, anauezeka, anauwekea na milango. Mwaka mmoja kabla ya mambo haya aliniletea barua. Barua ya kuchapwa, ina muhuri wa bluu, inasema natakiwa Utete kwenye ofisi za wilaya nikapewe cheti cha mama wa kwanza mwendesha pikipiki. Alikuja na mashahidi, vijana wawili wa stendi, wakaapa kwamba habari hiyo wameisikia kwa masikio yao. Akaniambia leo sina utani, dada, nimefurahi kwa ajili yako. Nikashonesha nguo. Nikatia mafuta tangi zima, nikaenda, nikavuka daraja, nikaiacha barabara kubwa, nikala vumbi mpaka Utete.

Karani aliisoma ile barua mara mbili. Akaniuliza, mama, unatokea wapi. Nikamwambia Kibiti. Akanieleza kwa upole sana kwamba Kibiti siku hizi ni wilaya nyingine, kwa hiyo hata kama cheti hicho kingekuwepo, kisingekuwa pale. Halafu akausogeza muhuri karibu na macho, akaniambia ni wa kilabu ya mpira. Nilicheka palepale mbele yake na nguo yangu mpya, maana ungefanya nini? Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, watu wanakushangaa wewe, hawamshangai yeye. Nilirudi nyumbani nikangoja siku yangu. Kwenye harusi ya jirani nikampakulia sinia la pilau, juu pilau yenye nyama nono, chini makumbi ya nazi. Alichimba mpaka akayafikia. Tukawa sawa.

Basi, baada ya mvua za vuli pikipiki ikaanza kunuka petroli. Asubuhi nikifungua mlango wa kibanda inanipokea harufu. Kwanza nikadhani ni kifuniko cha tangi. Nikaja kuona unyevu chini, pale mpira wa mafuta unapoungana na koki. Kwetu dawa ya tangi au koki inayovuja ni sabuni ya mche. Unakata kipande, unakifinyanga mpaka kilainike, unakibandika penye unyevu, unashindilia kwa kidole gumba. Kila mwenye pikipiki kutoka Bungu mpaka Muhoro anajua hivyo, na hakuna aliyefundishwa. Nikabandika. Pakakauka, nikajisifu. Baada ya wiki mbili pakalowa tena, nikaongeza sabuni nyingine juu ya ile ya kwanza.

Binti yangu akaanza kulalamika kwamba baibui lake linanuka petroli upande wa kulia na kichwa kinamgonga tukitoka safari ndefu. Nikamwambia ni kijana wa chupa, yule tunayenunua kwake mafuta barabarani, anamwaga nje akijaza. Nililisema kwa uhakika kabisa, kama niliyeona. Naona haya nikikumbuka.

Siku moja, Alhamisi, mtani akanipigia simu. Hakuniita kikongwe, na hilo lilinitia shaka palepale, kwamba huyu leo ana jambo. Akasema pikipiki za aina yangu, zile zilizoingia katika mzigo mmoja na yangu, zinaitwa zirudi. Imekuja barua kutoka kwa waagizaji Dar es Salaam. Mpira wa mafuta uliofungwa kiwandani ni dhaifu, ukipata joto unapasuka pale kwenye koki, na petroli inadondokea penye injini. Wamepewa orodha ya namba za chesisi, na yangu imo. Akanitaka nisiipande tena, isukumwe au ibebwe, nikiifikisha dukani watanibadilishia mpira na koki bure.

Neno bure ndilo lililomuumbua. Nikamwuliza, na cheti nacho nitapewa? Akasema dada, leo sina utani. Nikacheka sana, maana sentensi hiyo naijua, ilikuja Utete pamoja na miye. Nikakata simu nikamsimulia binti yangu, tukacheka wote wawili juu ya vitunguu.

Akanitumia picha ya barua kwenye simu. Ina muhuri. Nikamjibu kwamba safari hii muhuri wake umetulia, hongera. Siku ya pili nikiwa sokoni bodaboda wawili wakaniambia, mama, umesikia zile pikipiki zinarudishwa? Walikuwa ni wale wale wawili walioapa habari ya cheti. Walah, wale wale. Nikawaambia wakamsalimie aliyewatuma. Hata hivyo miye si mpumbavu, nikasema ngoja nihakikishe. Nikatafuta risiti ya pikipiki, nikaisoma namba ya duka, nikapiga. Unadhani alipokea nani? Yeye. Kumbe wenye duka walimkabidhi simu awapigie wateja wote. Nikamwambia jamani mwizi wa kuku, hata simu ya watu umeiba, nikakata, nikaifungia na namba yake isiingie.

Ijumaa jioni alikuja nyumbani, miye sipo. Mume wangu akaniambia niliporudi kwamba binamu yako amekuja, anasema pikipiki ni mbovu usiiendeshe, amekaa kidogo, hakula. Mtani wangu kukataa chakula nyumbani kwangu ni jambo la kumshitua mtu. Lakini miye nilisema tu kwamba njama sasa zimeingia mpaka chumbani kwangu.

Na nitasema ukweli wote, kwa kuwa nimeshaanza. Sikutaka iwe kweli. Mwezi ule nilikuwa na shughuli nne nimeshazikubali, na pikipiki ikikaa dukani miye narudi kuombaomba lifti na masufuria kichwani, nikiwa na umri huu. Ule utani wake ulinifaa. Kila alichosema nilikuwa na mahali pa kukiweka.

Jumamosi tulikuwa na shughuli ya kumtoa mwali, kijiji kimoja cha njia ya Nyamisati. Tulifika mapema, jua halijawa kali. Wenyeji walikuwa wameshachimbia mafiga chini ya mkorosho na kuni zimelazwa. Nikaegesha pikipiki hapo hapo, hatua nne kutoka motoni, maana masufuria yale hayabebeki mbali. Binti yangu akaweka mbuzi yake ya kukunia nazi kwenye kivuli cha pikipiki, akakaa, mgongo kauegemeza kwenye tairi ya nyuma. Mbele yake nazi thelathini. Kuni zilikuwa na unyevunyevu, zikawa zinapasukapasuka na kutupa cheche. Harufu ya petroli niliisikia, sitasema sikuisikia. Nikajiambia ni ile ile ya siku zote.

Mchele ulikuwa umeshaoshwa, nyama iko motoni, nasubiri tui, nikasikia pikipiki nyingine inakuja. Ni mtani, kapanda pikipiki ya dukani kwao, ya aina nyingine. Ametoka Kibiti mpaka kule, vumbi limemgeuza rangi. Akina mama waliokuwa wanachambua viungo walitujua, wakaanza kutabasamu na kusogeza vigoda vyao, kwa kuwa tukikutana miye na yeye watu hawalipi kiingilio. Na miye nilikuwa na la kumwambia, nimeliandaa tangu simu ya Alhamisi, lilikuwa zuri. Nikaushika mwiko kiunoni nikamngoja.

Alizima pikipiki mbali, kule barabarani. Akaja kwa miguu. Akavua kofia, akasimama mbele yangu, akainama kidogo kama anavyoinama mtu mbele ya mama yake.

"Shikamoo, dada."

 Mama mmoja aliyekuwa anatwanga vitunguu saumu akaacha mchi juu. Sijui nikueleze vipi kama hutoki kwenye watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kukuvua kofia msikitini ukitoka, na wewe ukacheka. Kitu kimoja ambacho hafanyi ni kukupa heshima. Miaka yote ile, misiba, Idi, amelala hospitali kavunjika mguu, hajawahi. Kila kitu kingine alikuwa ameshakitumia kwenye uongo wake: barua, muhuri, mashahidi, neno dada, kiapo. Shikamoo alikuwa hajaitumia hata siku moja, na nikajua palepale kwamba shikamoo haitumiki kwa uongo.  Wazo la kwanza nililolipata ni kwamba kuna mtu kafa.

Binti yangu aliacha nazi nusu kwenye mbuzi, akainuka, akaja mpaka ubavuni kwangu kushangaa. Akaninong'oneza, mjomba ana nini?  Nikamgeukia mtani.

"Marahaba," nikasema. Ilitoka ngumu, kama nimeiazima kwa mtu.

Aliomba ufunguo, nikampa. Akaiendea pikipiki, akachuchumaa, akafunga koki, akaitoa stendi, akaanza kuisukuma polepole kwenda barabarani ilikokuwa ile aliyokuja nayo. Hakukimbia. Sisi wote tumesimama tunamtazama mtu anasukuma pikipiki, kana kwamba hatujawahi kuona. Alikuwa ameshafika mbali, hatua kama ishirini, kuni moja ikapasuka chini ya sufuria la nyama ikatupa cheche, na mchanga pale ilipokuwa pikipiki ukashika moto.

Mchanga, nasema. Sijawahi kuona na nimepika miaka ishirini na tano. Moto ule ulikuwa wa chini, wa bluu, hauna moshi, ukatambaa upesi mpaka kwenye mbuzi ya nazi na kuizunguka. Beseni la plastiki la kuwekea nazi likajikunja. Miguu ya mbuzi ikaanza kuwaka. Mama mmoja akanyanyua ndoo ya maji, nikamzuia, nikaanza kuufukia kwa mchanga mkavu kwa mikono na kwa sinia, na mtani akarudi mbio tukaufukia pamoja. Uliisha katika muda mfupi kuliko ninaotumia kuusimulia. Ikabaki mbuzi nyeusi imesimama peke yake, na nazi nusu juu yake.

Binti yangu aliitazama ile mbuzi. Alibaki amesimama. Miye ndiye niliyekaa chini, mchangani, na miye katika shughuli ya watu huwa sikai. Nilikuwa namfikiria mjukuu wangu kule nyumbani na babu yake, anasubiri mama yake arudi na kipande cha nyama kwenye karatasi kama kawaida.

Baadaye mtani aliniita kule barabarani akanionyesha. Alikwangua sabuni yangu, ikatoka donge zima, jeusi kwa vumbi. Chini yake mpira ulikuwa umepasukapasuka kuzunguka pande zote kama kisigino cha mtu wa jembe. Sabuni ilikuwa inaziba macho yangu tu. Petroli ilikuwa inapita nyuma yake inadondoka, na tulipokuwa tukienda ilikuwa inapeperushwa kwenye nguo za binti yangu. Nikamwambia kosa ni langu. Akasema na lake pia. Akina mama walikuwa wameshalisema kabla yetu, tena kwa sauti ya kutosha: mzaha mzaha hutumbuka usaha. 

Wali ulipikwa. Nazi zilizobaki zilikunwa kwa mbuzi ya kuazima, tui likawa jepesi kuliko nipendavyo, na hakuna aliyelalamika mbele yangu. Mwali akatoka, akabebwa mabegani, kapambwa kapendeza, vigelegele vikapigwa mpaka ng'ambo. Jioni pikipiki ikapakiwa kwenye kirikuu imefungwa kamba, na sisi pembeni yake na masufuria, kama zamani. Binti yangu alilala njia nzima begani kwangu. Nilihesabu pumzi zake.

Jumatatu nilikwenda dukani. Hapo uani palijaa. Pikipiki za aina yangu zilikuwa zimepangwa safu mbili, kila moja ina karatasi ya namba imebandikwa kwenye tangi. Watu wa Mbwera walikuwa wameleta tano. Walizilaza kwenye boti, wamezimaliza mafuta kabisa, zikaja mpaka Nyamisati, zikapanda lori, na wenyewe wamekaa juu yake wakizishikilia zisikwaruzane. Walikuwa wanakunywa chai ya tangawizi na kubishana kama kiwanda kinaweza kweli kukiri kosa bila kushikiwa panga. Mmoja alisema maisha yake yote hajawahi kuona kitu alichokwisha kununua kikaulizwa hali. Miye nilipapenda pale. Kuna raha fulani ya kukaa na watu ambao wote wamebandika sabuni na wote wanaona haya.

Kisha mtani akatokea na spana mkononi, akaniona, akasema shikamoo.

Nikaitikia marahaba, na kila mmoja wetu akatazama upande wake. Jumanne nilikwenda kuuliza kama imefikiwa, shikamoo. Jumatano, shikamoo. Chai akaninunulia, akanipa kwa mikono miwili. Sikuweza kuvumilia. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba mwanangu nimepewa lakini mtani wangu nimempoteza, na akaniuliza kama si hilo hilo nililokuwa nalilalamikia miaka yote. Wanaume wa mikorosho hawaelewi kitu. Nilikuwa na huzuni kweli. Watu wa kunipa heshima wapo wengi, hata watoto wa shule wananiamkia mpaka nachoka. Wa kuniita kikongwe alikuwa mmoja.

Alhamisi zamu yangu ilifika. Adhuhuri ilikuwa imepita, wengine wameenda kuswali na kula, uani tuko wawili. Nikageuza kasha la betri nikakaa karibu yake. Akafungua tangi, akatoa mpira wa zamani akautupa kwenye ndoo pamoja na wenzake, akaanza kufunga mpya, mnene, una bangili ya chuma kila upande. Nikamwangalia mikono. Nikamwuliza alijuaje kwamba shikamoo ndiyo itakayonifanya nisikie.

Hakuinua uso. Alisema hakujua. Alisema hakuipanga, ilimtoka. Halafu akaanza kukaza bangili ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Kwetu mtani ana kazi yake msibani. Wengine wakilia, yeye anachekesha. Ataigiza marehemu alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akigomba na kuku, atalala ndani ya kaburi akatae kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa watacheka huku machozi yanawatoka, na hapo ndipo pumzi inarudi ndani ya nyumba. Hiyo ndiyo heshima ya mwisho. Mtani anayesimama kwenye kaburi la mtani wake hana neno, huyo kaabisha ukoo mzima. Sote tunalijua hili, kwa hiyo aliponiambia sikuhitaji kuelezwa.

"Jumamosi nilipoondoka hapa nilijua hutanisikia," akasema. "Nikasema basi, nijiandae. Njia nzima nikawa natafuta la kusema msibani kwako, dada. Kibiti mpaka kule. Sikupata hata moja."

Nililia. Sikuficha, nilijifuta kwa ncha ya khanga na nikalia tena. Yeye aliendelea kuushika ule mpira kwa vidole viwili, anauangalia kama una maandishi. Mtu aliyenijengea uongo wa kunipeleka Utete na kunirudisha, ambaye hakosi la kusema hata kwa polisi wa barabarani, alikuwa ameendesha umbali ule wote na kichwa kitupu. Nikafikiri sitapata kupendwa zaidi ya hivyo.

"Basi tangulia wewe," nikamwambia. "Miye ya kwako ninayo tayari, kikapu kizima."

Akageuka akanitazama, mara ya kwanza wiki nzima. Kicheko kilianzia tumboni, akaweka spana chini, akashika kiti cha pikipiki asianguke, akacheka mpaka mtu wa Mbwera akachungulia kutoka kibanda cha chai. Akaniomba nimwonjeshe moja tu. Nikamkatalia. Nikamwambia atayasikia siku yenyewe.